Aliyekaza Hakagui

Shabiri, ndugu yangu,

Hali sitakuuliza, maana jibu lako nalijua. Ungesema "mzima kama plagi mpya," hata kama unaungua. Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni habari njema: Datsun ya baba yako imewaka. La pili siwezi kumwambia mtu yeyote aliye hai, na hasa siwezi kumwambia Rukia mkeo. Umebaki wewe tu wa kuambiwa, na wewe hukubaki. Sentensi hiyo imetoka vibaya, lakini naiacha.

Nimekaa hapa gerejini Kizota, kwenye kile kiti cha basi ulichokiokota kwa watu wa vyuma chakavu ukakiita ofisi. Ni mchana, upepo unaleta vumbi, na bati la jirani linagonga kama kawaida yake. Bati hilo limegonga miaka yote tuliyofanya kazi hapa, lakini sikujua kwamba lina kelele kiasi hiki. Nadhani wewe ulikuwa unaongea sana.

Duka lako la spea limepata mpangaji mwingine. Anauza makava na vioo vya simu. Ubao wako ameushusha, ila ukutani pamebaki alama ya mahali ulipokuwa, peupe kuliko ukuta wote, na mimi nikipita pale natazama upande wa pili wa barabara. Mji unazidi kujaa. Kila ukigeuka kuna ghorofa jipya la serikali, na kila ghorofa lina magari yake meupe ambayo hayaji kwangu. Kwangu wanakuja walewale wenye Noah zinazovuja oili, na vijana wa bajaji wanaotaka kazi ya leo kwa shukrani ya kesho. Mama Chausiku, anayetuletea chakula, aliendelea kwa muda mrefu kuniuliza kwa mazoea, "Sahani mbili?" Nilikuwa namkasirikia. Sasa ameacha kuuliza. Analeta moja na kuondoka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mlenda ni uleule, ila sina mtu wa kumcheka unavyomshinda vidoleni.

Nina upweke, Shabiri. Nalisema wazi kwa sababu ungekuwa hapa ungenilazimisha niliseme. Watu walinipa pole vizuri. Wengi waliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliwaitikia, na moyoni nikachukia. Koleo nitalinunua pale Majengo kabla ya saa sita, nirudi na chenji. Wewe nitakununua wapi?

Ngoja nirudi kwenye gari, ndilo lililoniketisha niandike.

Unakumbuka siku tulipolivua turubai nyuma ya duka. Lile pua lake refu, milango miwili, na panya wamezaliana ndani ya kiti cha dereva. Baba yako alilipeleka kwenye mbio za barabara za vumbi enzi za ujana wake, na alipozeeka akaliacha lilale, lakini hakumruhusu mtu aliuze. Mimi, kama fundi mwenye akili zake, nilisema tulifufue kama lilivyokuwa, basi. Wewe ukasema hapana. Ukasema baba alikuwa akilalamika kila mara kwamba gari likifika huku kwetu juu linakosa pumzi, kwa sababu hewa ya uwanda huu ni nyepesi. "Tulipe mapafu, Yona," ukasema. Mapafu yenyewe yalikuwa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Halafu ukataja nguvu za farasi mia nne. Nikakuuliza kama umekunywa kitu ambacho dini yako hairuhusu.

Rukia aliposikia alisema, "Farasi mia nne kwa ukame huu wa Dodoma, nyasi mtawapa zipi?" Tangu siku hiyo akaliita gari mke mwenza. Ukichelewa kurudi alikupigia simu na kusema, "Mwambie mke mwenzangu leo ni zamu yangu." Ulikuwa unaweka sauti ya simu juu makusudi ili na mimi nisikie.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Injini ya farasi mia nne haijengwi kwa haraka, na hasa ukiwa na duka na familia, na fundi wako ana Noah za watu zinamsubiri. Tulitanua silinda, tukatafuta pistoni ngumu zaidi, tukaitupa gasketi ya kwanza, tukagombana juu ya gasketi ya pili. Ijumaa baada ya swala ulikuja na kachori kwenye kopo la maziwa, tukazila juu ya boneti kwa mikono yenye oili. Hata sikujua kama nilikuwa na furaha. Nilidhani nina kazi tu.

Na tulikuwa na sheria yetu. Sijui gereji nyingine yenye sheria hiyo hapa mjini. Aliyekaza hakagui. Mmoja akikaza bolti, anaweka spana chini na kusema "Tayari," kisha mwingine anachukua ile spana ya kipimo na kupita juu ya kila moja. Spana ikilia tak bila bolti kusogea, bolti imekazwa sawasawa, na mkaguzi anaweka doa la rangi nyeupe. Bolti isiyo na doa ni kama haijafungwa. Wewe ndiye uliyeileta sheria hiyo, siku nilipomrudishia mteja gari na gurudumu likataka kumtangulia Chamwino. Hukunisema mbele ya watu. Ulisema tu kwamba mkono unaokaza umeshachoka, unataka kwenda nyumbani, na kwa hiyo unajidanganya. Nikaona ni maneno ya mwenye duka. Baadaye nikaona ni kweli.

Halafu moyo wako ukaanza. Daktari alisema umetanuka. Ulirudi kutoka hospitali ukakaa kwenye kiti hikihiki, ukaniambia, "Hebu ona dunia hii. Injini ikitanuliwa inaongezewa nguvu, mimi nimetanuka napewa vidonge." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua kwamba ulikuwa unapumzika katikati ya ngazi za nyumbani kwako. Sikujua kwamba unalala umeegemea mito kama mtu anayesubiri wageni. Hayo Rukia aliniambia baadaye. Kwangu ulikuja umenyoosha shati, unanuka manukato, unataka kazi.

Siku ile ya mwisho ilikuwa zamu yako ya kukaza. Bloki ya injini ilikuwa imegeuzwa chini juu kwenye stendi, na krenki imelala mahali pake, ule mhimili mzito ambao pistoni zote zinausukuma. Kazi iliyobaki ilikuwa vile vifuniko vinavyoishikilia. Kwenye gari la kawaida kifuniko kikilegea injini inagonga na unapata nafasi ya kuzima. Kwenye injini tuliyokuwa tunaijenga hupati nafasi. Inapasuka, na chuma kinatoka kimetoboa ubavu wa bloki. Nilikuambia tusubiri kesho, tukaze pamoja. Ukanifukuza. Ukasema tabo imefika na basi kutoka Dar, niende stendi Nane Nane kuichukua kabla hawajaipakia kwenda Singida. "Nenda, Msandawe. Nikimuhitaji nesi nitamwita."

Niliporudi na boksi begani nilikukuta kwenye kiti hiki. Ulikuwa umefunika bloki kwa kitambaa safi. Spana ya kipimo ulikuwa umeirudisha kwenye sanduku lake. Shati lako lilikuwa limelowa mgongoni, nami nikasema joto la leo si mchezo. Ulitabasamu ukasema, "Tayari. Kesho utakagua."

Kesho yake Rukia alinipigia simu kutoka hospitali.

Makaburini walinipa nafasi. Mimi Mkristo wa Kwa Mtoro nilisimama nyuma, na shemeji zako wakanishika mkono wakanivuta mbele nikatie udongo. Nawashukuru kwa hilo mpaka leo. Lakini Rukia sikumwona. Aliingia eda, na mimi sikuwa mtu wa kuingia mle ndani. Nilipeleka mchele na mafuta, nikavipokeza mlangoni, nikarudi. Watu wawili tuliokufahamu kuliko wote tulikuwa na msiba mmoja, na katikati kuna ukuta. Pale mlangoni nilisikia jambo moja ambalo sikulipenda. Mama mmoja wa ukoo wenu alikuwa anamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, kwamba mwanamke gani anamwacha mume mgonjwa wa moyo aende kubeba vyuma. Nilijua kama mimi nimelisikia nje, yeye amelisikia ndani mara nyingi.

Mimi nikarudi gerejini. Nikaleta shuka kutoka nyumbani, nikaifunika bloki juu ya kile kitambaa chako. Na sikuifunua.

Nilifanya kila kitu kingine. Nilichomea manifodi, yale mabomba ya kupeleka moshi kwenye tabo, nikavuta mipira ya oili, nikafunga rejeta kubwa, nikatandaza waya zote upya, nikasafisha tangi la mafuta mpaka lingeweza kuwekwa chai. Wateja walikuwa wakija wananikuta chini ya gari lisilo na injini. Walidhani nina bidii. Kumbe nilikuwa nazunguka nje ya nyumba kwa sababu sitaki kufungua mlango. Zile bolti ndizo kazi ya mwisho ya mikono yako. Nikizikagua nikazikuta sawa, ni vizuri. Je, nikizikuta si sawa? Itabidi nizizungushe mimi, na kile ulichokiacha kitakuwa kimefutika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa nimebaki kidole.

Mama yangu naye hanisaidii. Umri umemchanganya. Mara anakumbuka kwamba umefariki, mara hakumbuki, na kila basi la kwetu likija anaweka galoni mbili za asali, moja yangu na moja ya "yule mtoto wa dukani." Unakumbuka alivyokufundisha kumsalimia kwa lugha yetu? Ulijitahidi na vile vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, mpaka ukaung'ata. Mama alicheka akasema heri ungemsalimia kwa kupiga makofi. Sasa asali yako imejaa kabati. Siwezi kuila na siwezi kuigawa.

Eda ilipokwisha, Rukia alikuja. Nilikuwa chini ya gari, nikaona viatu vyake mlangoni, nikatoka haraka mpaka nikajigonga. Amekonda. Alikaa kwenye kiti chako bila kuuliza, akatazama gari kwa muda.

"Shemeji Yona," akasema, "mimi nahamia Mwanza kwa Nasra. Nyumba ile peke yangu siiwezi."

Nikamwambia ni vizuri kukaa na binti yako. Nilitaka kumwambia asiende.

"Lakini kabla sijaondoka nataka niisikie. Mara moja tu. Nimemwonea wivu miaka yote hiyo, hata sauti yake siijui."

Nikamwambia sawa, shemeji, utaisikia. Alipotoka nikaiangalia ile shuka, nikaona sina tena pa kuzunguka.

Kesho yake niliamka mapema, nikaja kabla ya majirani. Niliitoa shuka. Nilitoa kitambaa chako, nikakikunja. Ulikuwa umepaka oili ya kutunzia kila mahali, vizuri, krenki inang'aa, hakuna hata alama ya kutu. Nikafurahi. Nikachukua spana ya kipimo, nikaanza pale tunapoanzaga, kwenye kifuniko cha katikati.

Tak. Haikusogea hata kidogo. Pembeni yake, tak. Niliongea na wewe kwa sauti, Shabiri. Nilisema, "Safi, Mhindi." Nikaenda kwenye vifuniko vinavyofuata kushoto na kulia, kama kawaida yetu, kutoka katikati kwenda nje. Tak. Tak. Iliyofuata ikasogea. Kidogo sana, unywele. Nikajiambia ni miezi imepita, chuma kimetulia. Inayofuata ikasogea zaidi. Nyingine ikanipa karibu robo duara kabla ya kulia. Na kila nilivyotoka nje kuelekea mwisho zilizidi kuwa laini. Zile mbili za mwisho hukuzigusa kabisa kwenye mzunguko wa mwisho wa kukaza. Zilikuwa zimeshikizwa kwa vidole tu.

Nilikaa chini sakafuni. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe kifo hakikukuumbua. Zimekuumbua bolti. Niliweza kuona ulipoanzia ukiwa na nguvu, ulipopunguza, ulipobadilisha mkono, ulipoegemea, na mahali ulipotazama zile mbili ukaona ziko mbali. Mimi wakati huo nilikuwa stendi nabishana na kondakta juu ya boksi.

Nililia, sitakuficha. Kisha nikakasirika. Nikakuita mwongo, tena kwa nguvu, mpaka mlinzi wa jirani akachungulia. "Tayari" ndiyo nini? Tungeiwasha vile, ingepasuka, labda ikamuua mtu. Halafu nikasimama, nikalegeza zote, nikazikaza upya moja baada ya moja mpaka za mwisho. Kazi ya mikono yako ikawa imefutika, kama nilivyoogopa. Nilikuwa nimekaza kwa machozi na hasira, kwa hiyo hata mimi nilikuwa simwamini aliyekaza.

Na hapo ndipo sheria yetu iliponibana. Nimekaza mimi, nani atakagua? Nilitazama mlangoni kama mjinga. Tangu uondoke sikuwa nimemkaribisha mtu yeyote kushika kazi yetu humu ndani.

Rukia akaja adhuhuri, na sambusa. Nadhani hakuwa na mtu wa kumpikia. Akaona bloki iko wazi, akaniuliza hizo ndizo zile za siku ile. Nikamwambia ndizo. Akauliza mbona hazina rangi nyeupe. Kumbe ulikuwa unamsimulia kila kitu nyumbani, hata doa la rangi. Nikamwambia bado hazijakaguliwa, kwa maana ya kwamba bado hazijakaguliwa tangu nizikaze mimi. Hayo ya mwisho yalikuwa bado yako njiani kutoka mdomoni aliposimama na kuanza kuvua bangili.

"Basi zamu yangu," akasema. "Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Nikamwambia avute taratibu, ikilia aache. Alishika spana kwa mikono miwili kama mtu anayechota maji kisimani. Ya kwanza ikalia tak, akashtuka, akacheka. Akaweka doa. Ya pili, tak. Alikwenda kwa mpangilio, kutoka katikati kwenda nje, mimi namwelekeza kwa kidole. Kila ikilia alikuwa anatikisa kichwa kama anayejibiwa swali. Alipofika kwenye zile mbili za mwisho alivuta kwa nguvu zaidi, kama anayetaka kuzishinda. Tak. Tak.

Akaziwekea doa. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha mwisho.

"Umeona, shemeji?" akasema. "Hata za mwisho. Wameniambia mimi ndiye niliyemuua. Kwamba nilimwacha atoke akiwa hana nguvu. Mimi niliishi naye, nilimwona alivyotoka siku ile. Niliwaambia alikuwa na nguvu zake, hakuna aliyenisikia." Akagonga kile chuma kwa kidole. "Mtu asiye na nguvu anakaza hivi?"

Nilifungua mdomo, Shabiri. Naapa niliufungua. Mimi si mtu wa kusema uongo, na sheria ilikuwa ya ukweli, ndiyo kazi yake. Neno lilifika kwenye meno. Kisha nikamwona uso wake, na mabega yake yameshuka kwa mara ya kwanza tangu aingie eda, nikaufunga. Nikamwambia sambusa zinapoa.

Hilo ndilo la pili nililotaka kukuambia.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kawaida. Nilifunga pistoni, hedi juu, sampu ya oili chini, nikaiteremsha injini mahali pake, nikaning'iniza tabo. Kila hatua Rukia alikuja kukagua, na sasa anajua tofauti ya nati na bolti kuliko wateja wangu wengi. Siku ya kuwasha alivaa vizuri kama anakwenda harusini. Tulizungusha kwanza bila plagi mpaka geji ya oili ikapanda, nikarudisha plagi, nikamwambia asimame nyuma. Nikasema bismillahi kwa niaba yako, nikaongeza na yangu.

Ilishika mara ya pili. Kwanza ilikohoa, ikatoa moshi wa oili ya kutunzia, kisha silinda zote sita zikakubaliana na bati la jirani likanyamaza, au halikusikika. Nilipokanyaga kidogo, tabo ikaanza kupiga mluzi, chini kabisa, kisha juu, na sakafu ikatetemeka miguuni. Hewa yetu nyepesi ilikuwa inamezwa na hakuna aliyekosa pumzi. Rukia aliziba mdomo kwa mtandio. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Kumbe ndiye huyu!" akapiga kelele. "Ana sauti nzuri, mshenzi!"

Nilicheka mpaka nikasahau. Nikageuka upande wako kukuambia umesikia alichosema mkeo. Pale kwenye kiti kulikuwa na mkoba wake.

Amesafiri jana. Nilimsindikiza stendi. Ufunguo wa gari ameniachia, akasema wewe ungetaka hivyo na yeye hana barabara ya kumwendeshea mke mwenza. Kabla ya kupanda basi alinishika mkono akasema atamwambia mjukuu wenu, mtoto wa Nasra, akikua, kwamba babu yake alikaza bolti kwa nguvu zote mpaka siku ya mwisho, na kwamba bibi yake alizikagua mwenyewe. Basi likaondoka. Nilirudi hapa, nikawasha gari, nikazima, nikakaa.

Nimekukasirikia kwa lile neno "tayari" siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini leo, nikiwa nimekaa hapa, nimelikumbuka lote jinsi ulivyolisema. "Tayari. Kesho utakagua." Ungetaka kunificha, ungepaka doa mwenyewe. Kopo la rangi lilikuwa miguuni pako. Hukupaka. Ulijua nitaweka spana na ulijua nitaona. Rukia ulimficha, daktari ulimficha, na Mungu nadhani ulijaribu. Mimi hukunificha. Ulinipa siku moja ya kutokujua, na mimi nikaivuta siku hiyo ikawa miezi.

Basi ahadi yangu ni hii. Hatalisikia kwangu. Akipiga simu kutoka Mwanza akaniuliza tena juu ya siku ile, nitamwambia alichokishika kwa mikono yake. Gari nitalitembeza taratibu kwanza, injini mpya haikimbizwi, mpaka Zuzu na kurudi, kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Litaniuma na nitakwenda hivyohivyo.

Pumzika, ndugu yangu. Zile mbili ulizoniachia nimezikaza.

Yona